Taa ya makombe: kwanza ule, kisha utundike

Hatua ya kwanza ni kula. Ngoja maji ya bamvua yakupwe, ununue kombe kwa akina mama wanaochokoa matopeni kando ya mikoko, uwapike kombe hao kwa tui zito. Maganda yatakayobaki ndiyo malighafi yako. Anayepamba sebule kwa kome la tritoni, konokono mkubwa wa baharini, amemwondoa mlinzi wa mwamba ili apate pambo, kwani tritoni ni miongoni mwa viumbe wachache wanaomla nyota bahari wa miiba, yule mteketezaji wa matumbawe. Hata kome tupu liache ufukweni. Kuna kaa wenye tumbo laini wanaolihitaji kuliko dari yako.

Sasa usafi. Loweka, sugua kila mfuo kwa brashi, chemsha, anika juani. Mkaguzi ni paka wa jirani: akiendelea kunusanusa, rudisha sufuria mekoni.

Kutoboa kunataka subira. Weka ganda kwenye beseni lenye maji kidogo, tumia keekee ya mkono au ya betri yenye ncha nyembamba, kamwe si ile ya kuchomeka ukutani. Maji hutuliza vumbi, nalo ni baya kwa mapafu. Vaa barakoa vilevile. Ukikandamiza utapata vigae.

Fremu? Tafuta rimu kuukuu ya baiskeli. Nyingi zina matundu 36 ya spoki, yamekwisha kupangwa kwa usawa ambao mimi na wewe hatuwezi. Funga mishipi ya nailoni, na mafundo akufundishe mvuvi. Acha nafasi kati ya makombe. Wafilipino wana chaza wa capiz, ganda lake jembamba hupitisha nuru hata likatumika madirishani badala ya kioo. Kombe wetu ni mnene, nuru hupita pembeni mwake na kuchora vivuli ukutani. Uzuri wote uko hapo.

Balbu iwe ya LED ya wati 5 au 7. Ile ya zamani ya wati 60 hugeuza karibu umeme wote kuwa joto na kulegeza mishipi. Ndoano ishike boriti, si ubao wa dari. Rimu ni chuma, hivyo iungwe na waya wa ethi, ule wa kijani na njano. Kazi hiyo usiijaribu: umeme wa nyumbani ni volti 230 hadi 240 na unaua. Mwite fundi umeme mwenye leseni, umlipe vizuri.