Namna ya Kuliharibu Upya Goti la Mbwa

Hongera. Mbwa wako ametoka salama kwenye upasuaji wa goti, na mfuko wako umetoka mtupu. Tumwite Simba, maana mbwa wengi huku kwetu huitwa hivyo. Mtaani wameshajua kiasi ulicholipa, na kuna aliyeuliza kwa upole kama hela ile isingetosha kununua ng'ombe wa maziwa. Usimjibu. Una kazi kubwa zaidi: kuhakikisha kwamba ndani ya wiki chache goti lile limerudi lilikokuwa. Wengi huifanya kazi hii bila mwongozo, ila huifanya ovyo wakashtukiwa. Wewe utaifanya kiungwana.

1. Usielewe kilichofanyika

Daktari atataka kukueleza. Atavuta karatasi na kuanza kuchora. Tikisa kichwa, lakini masikio yawe kwingine, kwa sababu ukielewa umekwisha.

Atasema kwamba mchezaji wa mpira huchanika ligamenti ya goti kwa kugongwa au kujipinda vibaya, lakini kwa mbwa wengi ligamenti hiyo huchakaa polepole kwa muda mrefu, mpaka siku moja anamfukuza paka, inakatika. Atasema mbwa husimama goti likiwa limekunjika, na kwamba mfupa wa muundi umeinamia nyuma pale juu, kwa hiyo kila akikanyaga, mfupa wa paja unataka kuteleza kwenye ule mteremko. Ligamenti ndiyo iliyokuwa inazuia. Halafu atamtaja Barclay Slocum, daktari wa mifugo wa Oregon, Marekani, aliyeandika mwaka 1993 kuhusu njia ambayo haihangaiki na ligamenti kabisa: unakata kichwa cha muundi kwa msumeno wa mviringo, unakizungusha mpaka mteremko wa digrii kama 25 ubaki kama 5, kisha unafunga kwa bamba la chuma na skrubu. Hakuna mteremko, hakuna kuteleza.

Hapo ziba masikio kweli. Mtu akishajua kwamba mfupa umekatwa makusudi, anajua pia kuwa amerudi nyumbani na mbwa aliyevunjika mguu. Anajua bamba haliponyi chochote, linashikilia tu wakati mfupa unajiunga wenyewe, kwa wiki 8 mpaka 12. Mtu wa namna hiyo hawezi tena kufungua mlango kwa moyo mweupe. Wewe kariri maneno mawili tu: "Ametiwa chuma." Ukiulizwa zaidi, ongeza kwamba chuma ni chuma. Habari za skrubu kung'oka na bamba kupinda waachie wasomi.

Kama Simba wako hakukatwa mfupa bali amefungwa uzi mnene wa nailoni kando ya goti, usijione umepunjwa. Uzi nao hulegea, tena hukatika.

2. Mvue koni

Siku ya kwanza atakutazama kutoka ndani ya ile koni ya plastiki kama spika ya msikiti iliyokosewa adabu. Ataibamiza mlangoni, atamwaga maji ya bakuli, atakwama kwenye kona ya korido akisubiri mtu aje amgeuze. Watoto watacheka, kisha yule mdogo ataanza kulia. Sema, "Dakika tano tu, apumue," na umvue.

Ukitaka uhakika, mvue usiku. Utamsikia gizani: chwa, chwa, chwa, ulimi juu ya mshono, bila haraka yoyote. Geukia upande wa pili ulale. Asubuhi kidonda kitakuwa chekundu, kimevimba, kinatoa majimaji yenye harufu, na nyuzi ambazo daktari angezitoa kati ya siku ya 10 na ya 14 mgonjwa ameshazitoa mwenyewe, bila malipo. Ukiulizwa, sema mate ya mbwa ni dawa. Kila ukoo una babu aliyesema hivyo, na babu huyo hawezi kuitwa kutoa ushahidi.

3. Tibu kwa kabati lako

Umepewa vidonge vya mbwa, kwa uzito wake, kwa siku zilizohesabiwa. Vikiisha, usipige simu. Utaonekana unasumbua. Fungua kabati ulikoweka ibuprofeni na diklofenaki za mgongo wako, ukate kidonge nusu. Kwa binadamu zinatuliza. Kwa mbwa zinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na hata zikachukua maisha yake, lakini tazama upande wa neema: hakuna atakayekuuliza tena habari za goti.

4. Sakafu ing'ae

Nyumba zetu za siku hizi zimejengwa mahsusi kwa shughuli hii. Vigae vinang'aa kuanzia barazani mpaka jikoni, na dada wa kazi anavipiga deki mara mbili kwa siku. Mwenzako atashauri mtandike mikeka na mazulia chakavu njia nzima ili Simba apate pa kukanyagia. Kataa. Wageni watasemaje?

Kisha kuna suala la kanga. Daktari amekuelekeza uipitishe chini ya tumbo la mbwa, mbele ya miguu ya nyuma, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo na kumbeba nusu uzito anapotoka kwenda kukojoa. Inafaa sana, ndiyo maana ni ya kuepukwa. Jione mwenyewe: baba mzima, alfajiri, unamfuata mbwa unyounyo na kanga ya maua mkononi, anasimama kila penye jani akanuse, nawe unasimama, na mlinzi wa jirani ameegemea geti.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa anaendeleaje?"

Hadhi hairudi kwa eksirei. Mkabidhi kanga dada wa kazi, ambaye anamwogopa mbwa huyo tangu alipokuwa mtoto wa mbwa. Kesho yake kanga itakuwa begani kwake na Simba atakuwa anashuka ngazi za baraza peke yake. Kwa kuruka.

5. Wiki ya tatu, wiki yako

Hatua zilizopita ni za wanaoanza. Fundi hujulikana hapa.

Mwanzoni Simba aligusa chini kwa ncha za vidole tu, halafu akaunyanyua mguu upesi. Sasa anaukanyagia. Kuchechemea kumepungua, kidonda kimefunga, manyoya yaliyonyolewa yameanza kuota. Ameona paka ukutani na amebweka kwa sauti yake ya zamani. Kwa macho ya kila mtu mwenye akili timamu, mbwa amepona.

Hajapona. Maumivu ndiyo yameondoka, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yanamfunga breki. Mfupa bado uko nusu ya safari, na misuli ya paja imekonda, ukiipima miguu yote miwili kwa viganja vyako utaujua uliokonda. Karatasi ya daktari inasema kwa wino mweusi: kamba fupi, matembezi ya dakika chache yanayoongezwa kidogo kidogo kila wiki, hakuna ngazi, hakuna kuruka kwenye kochi, hakuna kucheza na mbwa wa jirani. Tena inasisitiza mwendo wa polepole, na kuna sababu. Ukimtembeza pole, mbwa analazimika kuutumia mguu mbovu. Ukimkimbiza, anaukunja na kurukaruka kwa mitatu, misuli isipate kitu.

Lakini karatasi haijui unachohitaji wewe. Wewe unahitaji shahidi. Kwa wiki tatu umevumilia yule wa ng'ombe wa maziwa, umevumilia shemeji anayesema kwao mbwa akivunjika mguu anapewa ugali na Mungu anafanya yaliyobaki. Dawa yao ni video. Subiri Jumapili jioni, wageni wamekaa, simu iko tayari. Fungua kamba. Rusha mpira mbali, upande wa geti ambako majani ni mabichi. Simba atakwenda kwa kasi, atakata kona kwa nguvu zote, na wewe utasikia mwenyewe watu wakisema, "Aisee, hela haikwenda bure!"

Tuma kwenye kundi la ukoo usiku huohuo. Ikifika Jumatatu asubuhi atakuwa amekaa kwa tako moja, mguu ameutupa pembeni, na chakula hakitaki.

6. Mlishe kwa huruma

Hatembei, hapigi doria, hachomi chochote mwilini. Mwongezee. Ugali wa dona, utumbo, mafuta juu, na kile kipande unachompa chini ya meza mama watoto akigeuka. Kila kilo anayoongeza inakaa juu ya bamba lilelile na skrubu zilezile. Daktari akimweka kwenye mzani, sema ni manyoya.

7. Siku ya eksirei

Kwenye wiki ya 8 hivi utaitwa kupiga picha ili ionekane kama mfupa umeunga. Nenda umependeza. Daktari ataiwasha picha ukutani, atainamia, atanyamaza kwa muda mrefu kidogo kuliko unavyopenda, kisha atauliza:

"Mzee, alikuwa anafungwa kamba?"

Usiseme uongo, uongo una maswali ya ziada. Sema, "Daktari, huyu mbwa ana nguvu sana." Ni kweli, ni sifa, na haina mtu wa kulaumiwa. Akisisitiza, taja dada wa kazi kwa masikitiko bila kumtaja jina. Video usimwonyeshe, hata kama umezoea kumwonyesha kila mtu.

Hapo atakufungulia ukurasa mwingine. Atakwambia kwamba mbwa aliyekatika ligamenti ya goti moja ana nafasi kubwa ya kukatika na la pili, maana uchakavu ulikuwa miguu yote miwili tangu mwanzo, na kwamba huu mguu mzima ndio uliobeba mzigo wakati mwenzake anauguzwa vibaya. Atasema apunguzwe uzito, atembezwe kwa kamba, asiachiwe ghafla. Andika yote kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri.

Ukimaliza, funga daftari, mtazame usoni, na umuulize kama goti la pili lina punguzo.