Bastola Iliyonipa Nundu

Mke wangu anaamini mpaka leo kwamba nundu ile niliipata kwenye mlango wa kabati la jikoni. Kwa kunihurumia alilifunga kabati kwa kipande cha khanga, nami kila nikitaka sukari nalifungua na kulifunga tena bila kusema neno.

Ukweli ni kwamba hapa Boise, Idaho, jirani yangu ni mzee mstaafu mwenye bastola ya risasi ya 44 Magnum. Idaho kwa risasi hiyo ni kama Pemba kwa karafuu: Elmer Keith, aliyeviganda viwanda miaka mingi mpaka ikatengenezwa na kuingia sokoni mwaka 1956, alikuwa mkazi wa Salmon, jimbo hili hili. Mzee aliponialika uwanja wa shabaha, nilimchukua rafiki yangu, Mkongo wa Uvira aliyekulia kambi ya Nyarugusu, awe shahidi. Uzoefu nilikuwa nao. Nilishamwona Clint Eastwood katika Dirty Harry, kwenye kibanda cha video Tanga.

"Shika kwa mikono miwili," mzee akasema. Nikashika, ila kwa adabu, kama niliyepewa kikombe cha kahawa ya moto. Kichwa cha risasi ile kina gramu 15 na nusu hivi, kinatoka kwa mwendo wa mita 400 na ushee kwa sekunde, na kinachosukumwa mbele namna hiyo lazima kimdai mtu nyuma. Viwiko vikakunjika, mtutu ukapaa, na kile kinundu cha kulengea kikanigonga katikati ya paji la uso, mahali pa sijda. Shabaha haikuguswa.

"Kaka," Mkongo akauliza, "ulikuwa unamlenga nani?"

Jioni mzee akaniita gerejini kwake. Risasi hujaza mwenyewe: ganda lililokwisha kupigwa analibana kwenye mashine lirudi umbo lake, anatia fataki mpya kitakoni, baruti, halafu kichwa. "Nitakupikia nyepesi," akasema. Nikashauri basi baruti iwe chembe tu. Akavua miwani. Ukishuka chini ya kipimo cha kitabu, kichwa kinaweza kukwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unapasuka, na hiyo nundu utaitafuta usiione. Nikanyamaza. Kwetu mapishi huharibiwa na kuzidisha, sikujua kuna mpishi anayeogopa kupunguza.

Joto lilikuwa kali, nami kwa nia njema nikawasha feni. Mizani ya baruti, inayohesabu chembe, ikaanza kucheza kama inapigiwa taarabu. Nilitolewa nje.

Huko nje ndipo nilipopata habari iliyonivunja moyo. Bastola ya 44 Magnum inapokea pia 44 Special, risasi ya mwaka 1907, ambayo ganda lake ni fupi kwa milimita 3 hivi na teke lake ni la kistaarabu. Na katika Magnum Force ya 1973, akaniambia mzee, Eastwood yule yule anaulizwa anatumia risasi gani, anajibu ni Special nyepesi! Nilikuwa kama mtoto aliyemkuta mganga dukani ananunua Panadol.

Wiki iliyofuata tukarudi uwanjani. Mzee alijaza silinda mwenyewe, amenipa mgongo. Tatu za kwanza zilitoka kwa upole, moja ikatoboa karatasi kabisa. Ya nne ikasema "tik." Alikuwa amepachika ganda tupu. Hapakuwa na mlio wala teke, lakini mtutu uliinama kama mbuzi anayekunywa maji, mabega yakapanda masikioni, na macho yalikuwa yamefumbwa.

"Hapo," mzee akauliza, "nani amekupiga?"

Mkongo alikuwa amenyanyua simu, anarekodi. Nimeshamnunulia nyama choma mara mbili ili video isifike kwa shemeji yake. Jumamosi ananiambia ana hamu ya samaki.