Shukrani kwa Giaboksi Inayovuja

Watu wamesifu jahazi, ndege na mwezi mwandamo. Sijaona aliyeshika kalamu kuisifu oili ya giaboksi inayodondoka usiku kucha chini ya Toyota ya otomatiki. Ni dhuluma, na leo naiondoa.

Kwanza haiba yake. Oili ya injini ikivuja huacha doa jeusi la kutia haya. Maji ya kiyoyozi hayana hata rangi ya kujitambulishia. Hii ya giaboksi hutua juu ya pevingi ikiwa nyekundu kama juisi ya rozela, na wekundu huo si wa bahati: watengenezaji huitia rangi makusudi ili isichanganywe na nyingine. (Ya usukani nayo hupenda kuiga, kwa hiyo fuatilia tone limetoka upande gani.)

Halafu adabu. Betri hufa kimya asubuhi ya safari, mkanda hukatika bila taarifa. Mvujo huandika ripoti kila alfajiri na kukuachia pale pale unapopita. Ni mtumishi gani wa umma anayekuhudumia hivyo bila kufuatwa ofisini?

Tena ni mwalimu mkali. Gari likienda, upepo huisukuma oili nyuma, hivyo linapodondokea tone sipo linapoanzia. Anayekurupuka hubadilisha sili nzima na kuiacha ile mbovu. Mvujo unakutaka utulie: osha chini ya giaboksi, kausha, nyunyiza poda ya mtoto, endesha kidogo, kisha ingia uvunguni uchungulie. Poda ilipolowa ndipo penyewe. Ila usiingie kwa kuamini jeki peke yake. Weka stendi, maana sifa hizi hazisomwi msibani.

Mara nyingi utakuta ni gasketi ya sampu. Legeza bolti na oili itakutiririkia hadi kwapani, huduma ambayo matajiri huilipia kwenye hoteli za masaji. Ndani ya sampu kuna sumaku: ukizikuta na uji laini wa kijivu, huo ni uzee wa kawaida; ukikuta vipande vya chuma vinavyoshikika, kaa chini kwanza. Safisha, weka gasketi mpya, kaza bolti kwa zamu na kwa mkono mwepesi. Hapa ndipo naupenda mvujo kuliko popote, kwa sababu hauna simile na mbabe. Aliyekaza kwa hasira hupinda ukingo wa sampu, na kesho yake mvujo humrudia mkubwa kuliko jana. Aliyemwaga silikoni kwa ukarimu, masalia yake humeguka na kwenda kuziba chujio.

Mvujo unajenga ujirani pia. Jilaze chini ya gari Jumamosi, mtaa mzima utakuja na rai, na mmoja lazima atasema utie oili yoyote kwa kuwa zote ni nyekundu. Mshukuru, kisha usimsikilize. Oili ya Toyota ya aina ya T-IV si ya aina ya WS, na ya giaboksi za CVT ni nyingine kabisa. Soma kitabu cha gari kabla hujafika maduka ya vipuri ya Gerezani, usije ukachaguliwa na muuzaji.

Kupima oili nako ni ibada. Toyota yenye kijiti cha kupimia hupimwa injini ikiunguruma na imepata moto, baada ya kupitisha gia zote na kurudi P; Honda nyingi hutaka injini iwe imezimwa. Magari mengi mapya hayana kijiti kabisa, na wenye nayo nawaonea huruma.

Oili ikitoka pale injini inapoungana na giaboksi, huenda ni sili ya mbele, na giaboksi lazima ishushwe. Hiyo mpe fundi mwenye winchi, wewe kunywa chai.

Na mvujo ukikoma wenyewe kabla hujaugusa, usishangilie. Pima kwanza, huenda giaboksi haina tena cha kuvuja.