Sifa za Mpira wa Mkojo

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, hata tumbako ina watu wake. Mpira wa mkojo nani kausifu? Watu huutaja kwa kunong'ona, "kawekewa mpira," kama wanaosema kafungwa. Basi leo nausifu mimi, na mwenye kuona haya na aone.

Mjomba wangu alipozibwa na tezi dume alikesha chooni, mara kasimama, mara kachutama, mara kafungulia bomba ili mkojo usikie maji wenzake yakitiririka nao ushawishike. Haukushawishika. Kulipokucha tumbo lilikuwa gumu kama ngoma. Muuguzi akapaka jeli, akausukuma mpira taratibu, na mfuko ukaanza kujaa. Mjomba, asiyemshukuru hata mkewe kwa chai, alilia, akauombea mpira ule baraka pamoja na wazazi wake.

Mzazi anajulikana: Frederic Foley, daktari Mmarekani wa miaka ya 1930. Zamani mipira ilifungwa kwa utepe isichomoke. Foley akaupa wake kijiputo: kikifika kibofuni kinajazwa maji, mara nyingi mililita 10, na mgeni hang'oki. (Mgonjwa wa kitanda cha pili aliuvuta wake bila maji kutolewa. Wodi nzima ilipata habari papo hapo.) Na kabla ya Foley, mwaka 1752, Benjamin Franklin alimtengenezea kaka yake John, mwenye mawe kibofuni, bomba la fedha lenye kupindika. Fedha! Nasi twanung'unika kwa kitu laini.

Mgeni huyu hangoji siku ya tatu apewe jembe; huja nalo. Kwa aliyeshonwa fistula hukaa ili kibofu kiwe kitupu, kidonda kipone. Kwa mahututi huwa karani: mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, daktari huamshwa. Na ana unyenyekevu wa kweli, maana mfuko wake sharti uning'inie chini ya kibofu. Ukiinuliwa, mkojo hurudi ulikotoka na vijidudu vyake.

Ila akizidisha siku, vijidudu hupanda naye. Kwa hiyo muuguzi wa mjomba aliuliza kila asubuhi: bado anahitajika? Wiki ya pili jibu likawa hapana. Mjomba akaingia chooni peke yake, tukatega masikio mlangoni, akatoka anatabasamu. Mpira ulikuwa tayari kwenye ndoo ya taka, hakuna aliyeupa hata mkono wa buriani.