Kafi la Ofisi, Bega Langu

Kuna vijana siku hizi wanakuamkia "shikamoo mzee" kwa unyenyekevu wote, na kabla hujamaliza kuitikia marahaba wameshakuamuru uchuchumae. Mmoja wao ndiye kocha wetu. Ofisi imeamua kuingiza timu kwenye mashindano ya mitumbwi hapa Mwanza, na uongozi, ambao hautakanyaga mtumbwi wowote, umemleta kijana huyu atuandae kitaalamu.

Mimi nilijua maandalizi ya kupiga kafi ni kupiga kafi. Unashuka mwaloni, unapanda, unapiga, unarudi kula sato. Kumbe siku nyingi hata maji hatuyaoni. Tunaruka, tunajipinda kiuno kulia na kushoto, tunazungusha mikono barabarani huku makondakta wa daladala wakituuliza kama tunakwenda Buzuruga.

Aya ya kwanza ya kocha ni kwamba mkono hauvuti kafi. Unakanyaga ubao wa mbele, nguvu inapanda kutoka miguuni, kiuno kinazunguka, kifua kinafuata, na mkono kazi yake ni kushikilia tu. Sasa wale wenzetu wa idara ya mauzo wanaoshinda jimu wakijaza mikono sijui wanakwenda kuvua nini. Wamejenga vifua, migongo wameiacha tupu, mabega yamejikunja kwa mbele. Kocha akawaeleza kwamba kifua kikilivuta bega mbele na mgongo ukawa hauna nguvu ya kulirudisha, kila pigo la kafi linasaga kano zilezile. Wakaitikia kwa adabu, wakaenda kupiga picha.

Amri zake nyingine hazifanani na ziwa ninalolijua. Mkono wa juu usipande kupita usawa wa macho, maana mkono ukiwa juu na nyuma ndipo bega linapochomoka. Ukitaka kupiga kafi kwa nyuma, geuza kiwiliwili chote. Tena usilibane kafi. Vidole vilegee kidogo linaporudi mbele, kano za kifundo cha mkono zisije zikavimba. Mwambie hivyo mtu asiyejua kuogelea! Jaketi la kuokolea nimevaa, sawa, lakini kitu ninachokiamini ni hilo kafi, na ninalibana mpaka tunagusa ufukwe.

Halafu kuna kazi ya nyumbani. Bega, anasema kocha, ni chungu kilichotegwa kwenye figa moja: mfupa mkubwa wa duara umekalia kijisahani, na kinachouzuia usidondoke ni misuli minne midogo. Misuli hiyo haionekani kwenye kioo, ndiyo maana hakuna anayeihangaikia. Dawa yake ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Unaifunga kwenye kitasa cha mlango, unabana kiwiko ubavuni, kwapani unaweka khanga iliyokunjwa, kisha unaivuta tyubu kuelekea nje, polepole, na kuirudisha polepole zaidi. Khanga ikidondoka, umedanganya.

"Baba Neema," mke wangu akaniuliza kwa sauti ile ya upole inayotangulia kesi, "hiyo si khanga aliyonipa mama?"

Na mama mwenyewe, kwa kuwa mambo yangu hayaendi nusunusu, akabisha hodi jioni hiyohiyo. Akamkuta mkwewe amefungwa mlangoni, jasho linamtoka, zawadi yake ipo kwapani. Tulisalimiana. Kisha akamvuta binti yake jikoni, na nilichosikia ni "mmempeleka hospitali?"

Nikilalamikia umri, kocha ananitajia Birgit Fischer, yule mpiga kafi wa Ujerumani aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Moscow mwaka 1980 akiwa na miaka 18, na nyingine Athens mwaka 2004 akiwa na miaka 42. Hongera zake. Mimi nina miaka hiyohiyo arobaini na kitu, na asubuhi kufunga kifungo cha juu cha shati ni mashindano tosha.

Nikaona nitafute shahidi. Jirani yetu ni mvuvi mstaafu wa Ukerewe, amepiga kafi tangu utoto, hajawahi kufungwa tyubu. Shahidi akaniangusha. Mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Shati anavalishwa na mjukuu. "Hii ni baridi ya ziwani tu," akaniambia. Baridi gani hiyo inayochagua bega moja, la upande uleule aliopigia kafi miaka yote? Kocha aliposikia akatuamuru tuwe tunabadilishana pande, na sasa nusu ya timu haiongei nami.

Lakini kichocho hakuna anayekitaja. Tunashuka miguu mitupu kwenye maji ya kina kifupi kusukuma mtumbwi, katikati ya magugu, halafu tunahubiriwa kano. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono havijali kama umepasha misuli moto. Dawa ipo, ila inapimwa kwa uzito wa mtu, na uzito wangu sitaki utangazwe ofisini.

Uongozi nao, baada ya kulala muda wote, umeamka mashindano yakiwa mlangoni na kutaka tufanye mazoezi kila siku, asubuhi na jioni. Kocha amewaeleza kwamba misuli huzoea upesi lakini kano huchelewa, na kwamba mzigo ukiongezwa ghafla watu wataumia. Wakamjibu kwamba fulana zimeshachapishwa.

Kwa hiyo timu nzima inasaka tyubu. Juzi nilipita kwa fundi baiskeli, yule ambaye zamani alikuwa anatuomba tumsaidie kuzitupa. Ameziosha, amezitundika kwenye msumari kwa kufuata ukubwa, na kila moja ina bei. Nikamuuliza tangu lini tyubu yenye viraka inauzwa.

"Bosi," akanijibu bila kuinua macho, "hizo si tyubu. Hivyo ni vifaa vya mazoezi."