Embe Halionji: Shajara ya Mwalimu wa Kiingereza, Tanga

Jumatatu

Umeme umekatika kabla ya alfajiri, pasi haikupata moto. Nimeenda kazini na shati la jana.

Kipindi cha kwanza kilikuwa Kidato cha Pili. Niliandika ubaoni sentensi moja yenye pengo mwishoni, "The soup smells", na chini yake maneno mawili ya kuchagua, "bad" na "badly". Darasa karibu zima likachagua "badly". Nikamwuliza binti aliyekaa mbele sababu yake. Akasimama, akaeleza kwamba neno linalofuata kitenzi ni kielezi, na kielezi cha Kiingereza huishia na "-ly". Hakusita. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyokariri. Nikaliandika jibu lake ubaoni lote kama lilivyo, maana ndilo litakalotushughulisha wiki hii. Chaki ilikuwa imeingia unyevu, ikakatika mara kwa mara, na kengele ikagonga kabla hatujafika mbali.

Jumanne

Karatasi za jaribio la mwezi zimerudishwa kwa wanafunzi. Zilisahihishwa na mwalimu mwenzangu. Wakati wa mapumziko kijana mmoja alinifuata, akaniamkia, akanionyesha swali lililomtaka achague kati ya "The mangoes taste sweet" na "The mangoes taste sweetly". Alichagua "sweet". Amekoseshwa.

Nilikwenda ofisi ya walimu. Mwenzangu alikuwa anakunywa chai, nikangoja amalize. Nikamwambia, "Mwalimu, hapa kijana amepata." Akafungua mwongozo wa kusahihisha. Mwongozo unasema "sweetly".

Nikavuta kiti. Nilimweleza kwamba embe halionji kitu. Anayeonja ni mtu. Katika sentensi ile hakuna kitendo chochote kinachoelezwa namna kilivyotendeka. Kuna embe, na kuna utamu wake. Ukitaka kuhakikisha, ondoa "taste" uweke "are": "The mangoes are sweet." Sentensi inasimama, na embe bado ni tamu. Ndivyo ilivyo kwa "smell", "look", "feel" na "sound", na pia kwa "seem" na "become". Vitenzi hivi vikifanya kazi ya kuunga kiima na sifa yake, vinataka kivumishi. Lakini mpishi akionja mchuzi, "The cook tasted the soup carefully", hapo kitendo kipo, mtendaji yupo, na "careful" haina nafasi. Jaribu kuweka "was" mahali pa "tasted" uone: mpishi amegeuka mchuzi. Kitenzi ni kilekile, kazi ni mbili, na mtoto anapaswa kuonyeshwa zote mbili bega kwa bega.

Mwenzangu aliitazama karatasi kwa muda. Akasema mwongozo umetoka kwa mkuu wa idara, hawezi kuubadilisha peke yake. Mkuu wa idara amesafiri. Chai niliyomiminiwa ilikuwa imepoa, nikainywa hivyohivyo.

Jumatano

Mvua tangu usiku. Bati la darasa linavuja upande wa madirisha, na madaftari yaliyorundikwa pale yamelowa, wino umetapakaa. Nimesahihisha yaliyonusurika.

Makosa ni ya ukoo mmoja: "I feel badly", "The flower smells nicely", "The plan sounds well". Nimeyasoma kwa makini, na kila moja nyuma yake nasikia Kiswahili safi kabisa. Sisi husema najisikia vibaya, ua linanukia vizuri. Baada ya vitenzi vya hisi tunatia kielezi, na tuko sahihi. Mtoto amehamisha utaratibu wa lugha yake kwa uaminifu, na Kiingereza kimemkatalia papo hapo. Kwenye daftari mojawapo nimekuta mwalimu fulani wa mwaka uliopita aliandika kwa wino mwekundu, "Huna umakini." Maneno haya yameniuma. Mtoto huyu alikuwa na umakini wa kutosha. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba hapa lugha mbili zinapishana.

Tena mahali pengine Kiswahili hichohicho ndicho kinachomwokoa. Hakuna mtoto wa Tanga anayesema "Mama anapika mzuri". Husema mpishi mzuri, anapika vizuri. Kiambishi "m-" kinamfuata mpishi, naye akiwa mmoja au wakiwa kumi kitabadilika pamoja naye. "Vi-" haimfuati mtu, inakaa na kitendo. Tofauti ya kivumishi na kielezi mtoto anayo tangu alipoanza kusema. "A good cook" na "she cooks well" ni mlango aliokwisha kuupita nyumbani kwao.

Kwa hiyo kipindi cha mwisho nimefundisha kwa Kiswahili. Mlangoni pa darasa kuna kibao kinachokataza. Watoto hawa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakafika Kidato cha Kwanza wakakuta masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na kuwanyima kwa amri chombo pekee wanachokimudu sioni kuna faida gani. Nimewaambia kabla ya kutafuta "-ly" waulize: neno hili linamsifu nani au nini? Likisifu kitu, ni kivumishi, hata kama kitenzi kimekaa katikati. Likieleza kitendo, ni kielezi. Binti wa mbele ameuliza kama "The soup smells badly" haiwezi kuwa na maana yoyote. Inaweza: ni supu yenye pua, isiyoweza kunusa vizuri. Darasa limecheka, na nadhani hapo ndipo wengi walipoelewa.

Alhamisi

Jioni kijana wa jirani amebisha hodi. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba. Ameshika bahasha zenye barua za kuomba kazi ya hoteli, amezipiga chapa stesheneri na kulipia nakala zote. Ameniomba niipitie moja tu kabla hajazipeleka.

Mstari wa pili: "I hardly work and I respect guests."

Alitaka kusema anafanya kazi kwa bidii. Amesema karibu hafanyi kazi kabisa. Nimemkalisha barazani nikamweleza, kwa sababu hili halina haki yoyote kwa anayejifunza. "Hard" ni kivumishi na ni kielezi pia. Katika Kiingereza cha kale kielezi kilitofautishwa kwa "-e" mwishoni: "heard" ilikuwa sifa, "hearde" ikawa namna ya kutenda. Ile "e" ikafifia midomoni mwa watu kadiri karne zilivyopita, yakabaki maneno mawili yenye sura moja. "Fast" nayo ni hivyohivyo. "Hardly" ikashika njia yake, ikaja kuwa na maana ya "kwa shida sana" kisha "karibu hapana". Ziko jamaa zake: "late" ni kuchelewa, "lately" ni siku za karibuni, "near" ni karibu kwa mahali, "nearly" ni nusura. Na kuna "friendly", "lonely" na "lovely", zenye "-ly" zote na ni vivumishi zote, kwani asili yake "-ly" ilitokana na neno lililomaanisha mwili au umbo, ikatumika kuunda sifa pia.

Aliniuliza kama anaweza kufuta kwa kalamu. Nimemshauri asifute, apige upya. Nakala za kwanza zimebaki kwangu, upande wa nyuma ni mweupe, nitaandikia mazoezi.

Ijumaa

Kwenye daladala nimekaa na mwalimu mstaafu ninayemheshimu. Mbele yetu kulikuwa na bajaji iliyoandikwa nyuma "DRIVE SLOW". Akasikitika, akasema Kiingereza kimekufa. Nikamjibu kwa adabu kwamba "slow" ya namna hiyo imetumika kwa karne nyingi, na ukali dhidi ya maneno kama hayo ulipata nguvu kwa waandishi wa sarufi wa karne ya 18, akiwamo Robert Lowth na kitabu chake cha 1762. Kwenye mtihani mtoto aandike "slowly", asipoteze alama. Nyuma ya bajaji "slow" ni neno halali. Yeye hakukubali. Tumebishana mpaka tukapitishwa kituo wote wawili, tukarudi kwa miguu juani.

Jumamosi

Kadi ya harusi imeletwa: "You are warm welcomed." Anayekaribishwa anatendewa jambo, basi ni "warmly". Shangazi wa bibi harusi amesema kadi zimekwisha gawanywa. Sikuongeza neno.

Jumapili

Nimeandaa zoezi la "well", ambayo inasumbua hata walimu, kwa kuwa ni kielezi cha "good" na papo hapo ni kivumishi chenye maana ya mzima wa afya. "She looks good" anapendeza. "She looks well" amepona, rangi imemrudia. Zote sahihi. Mshumaa umeisha kabla ya sentensi ya mwisho.

Jumatatu

Mkuu wa idara amerudi. Amesoma swali la maembe, akajaribu mwenyewe kuweka "are", akachukua kalamu akafuta "sweetly" kwenye mwongozo. Kijana ameongezewa alama yake. Mwenzangu amesema wote walioandika "sweet" walete karatasi zao, atasahihisha upya, na aliyeandika "sweetly" hatapunguziwa kwa kuwa kosa halikuwa lake. Nimeona ni uamuzi wa haki. Saa nne mlango wa ofisi ulikuwa umejaa wanafunzi, na baadhi yao karatasi wameziacha nyumbani. Hao wataleta kesho.