Namna ya Kubeba Tawi Bila Kumchoma Jirani

Tawi hutafutwa Jumamosi, si Jumapili ya Matawi asubuhi kwenye ua wa jirani. Mkindu unaota kwenye mabonde yanayoshuka kuelekea ziwani, na hapa Sengerema huo ndio mtende wetu. Mapadre Weupe waliotua Bukumbi, ng'ambo ya ghuba, mwaka 1883 hawakuwa na haja ya kuagiza mwingine. Kata jani moja tu. Wasuka mikeka nao wanautegemea. Kisha shika kisu ukwangue miiba yote kule chini, kwenye kikonyo. Wengi huiruka hatua hii, na Jumapili hujulikana: "Hosana" ya aliyechomwa kwapani haifanani na ya wengine.

Umekosa tawi? Njoo hivyo hivyo. Katika Injili, mitende anaitaja Yohana peke yake. Kwa Luka hakuna tawi hata moja, kuna nguo zilizotandikwa njiani. Beba kitenge, tena kile kizuri.

Sasa, fika maandamano yanapoanzia. Kuna waumini hodari wa kungoja chini ya mwembe wa kanisa, msafara ukikaribia mlango wanajichomeka katikati wakipunga kuliko kwaya. Ndugu zangu, mwendo ndio sikukuu yenyewe! Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, aliandika kwamba watu walipanda Mlima wa Mizeituni saa saba mchana, wakaimba na kusali hadi saa kumi na moja, ndipo wakashuka na askofu wao hadi mjini, wote kwa miguu. Watoto wasioweza kutembea walibebwa shingoni, na matawi mkononi. Wewe unatoka uwanja wa shule hadi kanisani, unaita bodaboda?

Mtoto mwachie tawi lake. Atamchapa mwenzake nalo, ndiyo, lakini ataikumbuka siku hii mpaka uzeeni. Mchukulie tu wakati wa somo la Mateso, maana ni refu na fimbo iko tayari.

Nyumbani lichomeke nyuma ya msalaba ukutani. Limebarikiwa, si la kupepelea mkaa. Mwaka ujao, kabla ya Jumatano ya Majivu, mpelekee katekista likiwa kavu, maana majivu ya siku hiyo hutokana na matawi haya. Toa kwanza riboni na uzi wa nailoni: vikiungua vinayeyuka na kugandamana, na majivu hayo yanakwenda kwenye paji la uso wa mtu.